Rula Haikufika

Asubuhi ile tulikuwa kwenye mizani ya chai, Lwangwa,
vikapu mgongoni, umande umetulowesha hadi kiunoni,
na karani anatuibia nusu kilo kama kawaida yake.
Redio ya Mwasulama ilikuwa juu ya jiwe,
betri zake zimelala usiku kucha kando ya mafiga zipate nguvu.
Ikakohoa. Ikasema Kagera.

Kagera ni nini? aliuliza mama.
Ni mto, akasema mtu.
Ni wilaya. Ni kiwanda cha sukari.
Hakuna aliyekuwa na hakika, lakini karani aliweka kalamu chini,
akaishika tena,
na kwa mara ya kwanza tangu nimjue
akaandika kilo zote.

Shuleni Mwalimu Ambokile alishusha ramani,
ile iliyotobolewa na mende pale Tabora.
Akaweka rula Tukuyu, chini kabisa, akaielekeza juu.
Rula haikufika.
Akatia alama ya chaki, akaisogeza tena.
"Wamevuka hapa," alisema. "Daraja la Kyaka wamelivunja.
Watu walikuwa wamelala."
Sauti ilimkwama kwenye neno hilo, wamelala,
nasi watoto wa darasa la tano, arobaini na wawili,
tukakaa kama tuliomwagiwa maji ya Kiwira.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukufundishwa.
Zahanati yetu ilikuwa na nesi, Kokubanza,
aliyeletwa na serikali kutoka huko huko Bukoba.
Miaka minne tulimcheka:
anavyotamka, anavyoulizia senene mvua zikianza,
anavyosema ndizi zetu hatujui kuzipika.
Tulimwita mgeni. Wengine, mchawi wa sindano.
Jioni ile kina mama walimiminika mlangoni kwake
kama kwa mfiwa:
maziwa kwenye kibuyu, mkungu, kuni, mkeka wa kukalia.
Hawakuwa na la kusema. Walisema ndaga. Walisema pole.
Naye, ambaye hakuwahi kulia mbele yetu,
akataja kijiji chao, na jina la mama yake,
mara moja, mara mbili,
na Kagera ikawa na uso.

Nadhani taifa, kwa upande wetu, lilizaliwa pale mlangoni,
si kwenye bendera; ile tulikuwa tukiipandisha kila siku
huku tunapiga miayo.

Mwasulama na Mwandenuka, waliogombea mfereji
hadi wakanyimana moto,
walikutwa wakinoa mapanga kwenye jiwe moja.
Lori la chai likachukuliwa kwenda vitani.
Majani yakaoza ghalani, yakanuka,
wala hakuna aliyelalamika. Sijaona tena
watu wakipata hasara kwa furaha namna ile.
Anayeamshwa kwa kofi haulizi bei ya fimbo.
Bei tuliijua baadaye, kwenye foleni ya sabuni.

Mimi pia, na miaka yangu kumi na mmoja,
nilimchukia mtu nisiyemjua hata kwa sura.
Utamu wa chuki ile bado naukumbuka,
na bado unanitisha.

Kaka Gwakisa alipanda lori lile lile,
amekaa juu ya magunia matupu yenye harufu ya chai,
anacheka, meno yote nje.
Alirudi. Wako ambao hawakurudi.
Ana miguu miwili, ana wajukuu, ana kokoa yake bondeni.
Ukimuuliza vita, anasema kulikuwa na mvua.
Ila akifika Mbaka, penye magogo mawili tu
ambayo mbuzi huyavuka wakicheza,
hushuka kwenye baiskeli, akainama,
akatazama chini ya daraja, huku, na huku,
kisha ndipo hutupungia mkono:
vukeni.